Haki ya Mnyama Aliye Mikononi Mwetu

Kusini mwa mji wa Kisumu, kando ya njia iendayo Dunga, ipo hifadhi ndogo iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, ambamo kundi la swala pala, mabaki ya wanyama waliokuwa wakilisha mahali ambapo leo pamejaa nyumba na barabara, limeachiwa kipande cha ardhi kinachoteremka hadi majini, na nzohe, ambaye maskani yake ya asili ni mafunjo ya ziwa, amepewa pahali pa kujisitiri. Swala wale hutembea chini ya miti wapendavyo. Lakini si mbali nao simba, chui na fisi wamo vizimbani, na mtu anayepita baina ya hawa na wale huku upepo wa ziwa ukimpepea hawezi kukosa kuona kwamba anapita baina ya namna mbili za kufungiwa ambazo hazilingani. Swala amezungushiwa ua ili mji usimwangamize. Chui amezungushiwa chuma ili tumtazame bila hofu, na hata kama sababu iliyomfikisha pale ilikuwa uyatima au jeraha, siku zake zote zilizosalia atazipitisha akienda na kurudi katika nafasi ambayo porini angeivuka kwa mruko mmoja. Sisemi haya kuwashutumu wanaomtunza, maana chui aliyelelewa na mikono ya watu hawezi kufunguliwa mlango leo akaishi kesho. Nasema tu kwamba siku atakapokufa haitakuwa lazima kizimba chake kijazwe.

Ukimwuliza mtu yeyote mwenye mnyama nyumbani kwake, awe na kasuku barazani, paka jikoni, mbwa langoni au samaki ndani ya kioo sebuleni, kwa nini amemweka, atakujibu kwamba anampenda. Na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Ni jibu zuri, lakini halitoshelezi swali, kwa kuwa mapenzi ni habari ya moyo wa mwenye kupenda, ilhali swali linahusu hali ya anayependwa. Mimi naamini kwamba katika jambo hili tumezoea mno kusema kwa lugha ya hisani, kana kwamba chakula na maji tunavyompa mnyama ni zawadi zitokazo katika ukarimu wetu, na tumesahau lugha ya haki, ambayo ndiyo iliyo wajibu kutangulia. Aliyemfungia mlango kiumbe amemwondolea uwezo wa kujitafutia. Tangu saa ile anadaiwa, na anachokitoa kila asubuhi ni malipo ya deni alilojitwika mwenyewe kwa hiari yake.

Mafundisho haya si mageni katika pwani yetu, wala hayakuja na vyama vya huruma kwa wanyama vya karne zilizo karibu. Kila mtoto aliyeketi chuoni amesikia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Na watu hukumbuka adhabu wakasahau kosa, ambalo ni kwamba alimfungia, kisha asimlishe, wala asimwachie aende kutafuta riziki yake katika ardhi. Hakutajwa kwa kumpiga. Kinyume chake iko habari ya yule aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Na iko habari ya tatu, ndogo na ya upole, ya mtoto aitwaye Abu Umayr aliyekuwa na kijidege cha kuchezea, ambaye Mtume hakumkemea kwa kukiweka, na kilipokufa akamliwaza kwa maneno ya mzaha. Na humo wanazuoni wakapata ruhusa ya kufuga ndege nyumbani, kwa sharti alishwe na asiteswe. Kwa hiyo kufuga hakukuharimishwa. Kumewekewa sharti, na lililobaki kwetu ni kuuliza sharti hilo linafika wapi sasa tunapojua, kuhusu maisha ya viumbe hawa, mambo mengi ambayo wazee wetu hawakuwa na njia ya kuyajua.

Mchukue kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye amekuwa pambo la nyumba za watu wenye nafasi tangu zamani. Msitu wa Kakamega, ambao kutoka Kisumu ni safari isiyozidi saa mbili, ni ukingo wa mashariki wa makao ya ndege huyu yaliyoanzia Afrika Magharibi, na katika msitu huo wamesalia wachache mno. Porini kasuku huruka kwa makundi makubwa, hulala kwa mamia juu ya miti mirefu, hujifunza sauti za wenziwe, na akioana na mwenziwe hushikamana naye muda mrefu. Akiwa tunduni anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, maana yake ni kwamba anayemnunua akiwa mtu wa makamo aghalabu atawaachia wanawe urithi wa kiumbe kinachomlilia aliyekufa. Katika nchi ya Marekani alikuwako kasuku wa jamii hii aitwaye Alex, aliyenunuliwa dukani Chicago mwaka 1977 na mwanamke mtaalamu, Irene Pepperberg, akafundishwa kwa miaka 30 hadi akaweza kutaja rangi na maumbo, na kuhesabu vitu vichache vilivyowekwa mbele yake, na kukataa kwa neno alichokuwa hakitaki. Alipokufa mwaka 2007 dunia ilistaajabu kwamba akili kubwa vile ilikaa katika kichwa kidogo vile. Mimi hustaajabia jingine: kwamba watu waliosoma habari za Alex, badala ya kuogopa kumweka peke yake kiumbe mwenye akili kama ile, wengi walikwenda kutafuta wa kwao.

Kasuku mpweke hujinyonyoa. Hung'oa manyoya ya kifuani mwake moja moja hata ngozi ikabaki wazi, na mwenyewe humpaka dawa akidhani ni upele. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalimwingiza ndege huyu katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ikapigwa marufuku; na mwezi wa Machi 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatoa muhula mfupi kwa watu waliokuwa na kasuku hawa bila ya kibali wajitokeze waandikishwe bila kushitakiwa. Ilikuwa busara, maana bibi mzee aliyekaa na kasuku miaka 20 si mwindaji haramu, na kumpokonya kungewavunja wote wawili. Lakini kibali huandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na karatasi ile haimwulizi ndege chochote. Rai yangu ni kwamba waliomo matunduni watunzwe mpaka ajali yao, wapewe mwenzi inapowezekana na nafasi ya kunyoosha mabawa, na asinunuliwe mwingine, hata kwa kibali, hata kwa mapenzi.

Liko jambo la karibu nasi zaidi kuliko kasuku, nalo linanihuzunisha zaidi kwa kuwa hufanywa na watu wasio na ubaya wowote. Korongo taji, ndege yule mrefu mwenye kishada cha dhahabu kichwani, hutaga katika mabwawa ya magharibi ya Kenya, kuanzia Yala hadi vinamasi vya Nyando, akijenga tago lake chini katikati ya matete. Na mtoto anayekata nyasi au kuchunga ng'ombe akiokota vifaranga huvipeleka nyumbani, vikazoea watu upesi, vikafuata kuku uani na kukua vikiwa fahari ya boma. Vingine hununuliwa vikapambe bustani za hoteli na za majumba. Ili wasiondoke hukatwa manyoya ya kurukia, au, kwa mkono katili zaidi, hukatwa ubawa wenyewe kwenye kiungo, na hilo halioti tena. Ndege hawa hucheza. Dume na jike huinamiana, wakaruka juu na kutandaza mabawa, na waliopo kando hujiunga nao; na wakiisha kuwa jozi hukaa pamoja kwa miaka mingi. Aliyeko bustanini peke yake utamwona siku nyingine akianza kuinama mbele ya mlinzi au ya gari lililosimama, na wageni hupiga picha. Kwa nadra sana huzaa mikononi mwa watu, kwa hiyo kila mmoja aliyeko bustanini ni nasaba iliyokatika, na jumla ya mikato hiyo, pamoja na kukaushwa kwa mabwawa, imepunguza idadi yao Afrika Mashariki na Kusini kiasi kwamba tangu mwaka 2012 wamehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Jirani zetu wa Rwanda wamelishughulikia jambo hili kwa namna inayostahili kuigwa. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, pamoja na serikali ya nchi yake, aliwaita wenye korongo majumbani na mahotelini wawaandikishe bila kuadhibiwa. Wakaandikishwa kwa mamia. Wakapimwa siha zao. Waliokuwa na mabawa mazima wakapelekwa mbuga ya Akagera, wakaachwa waoteshe manyoya yao taratibu hata wakaruka. Na wale waliokatwa viungo, ambao hawataruka milele, wakatengewa kinamasi pembezoni mwa Kigali, pahali paitwapo Umusambi, palipofunguliwa kwa wageni mwaka 2021, ili waishi miongoni mwa wenzao. Ninalolipenda katika kazi hiyo ni kwamba hawakuanza kwa kuwatukana wafugaji. Walichukulia kwamba mtu aliyemchukua kifaranga kwa sababu ya uzuri wake anaweza, kwa sababu ya uzuri ule ule, kumrudisha, na wengi wakamrudisha. Kwetu Nyanza mabwawa yapo, korongo wapo, na majina ya hoteli zenye korongo yanajulikana.

Wala si kweli kwamba watu wa ziwa hawakujua kumtukuza mnyama pasipo kumtia ndani. Joka la Nyakach, chatu aitwaye Omieri, ambaye katika imani za Waluo kuonekana kwake ni bishara ya mvua na mavuno, halikuwa la mtu yeyote. Mwaka 1987 chatu huyo aliungua katika moto wa nyika, akachukuliwa kwenda kutibiwa Nairobi, akafa, na msiba wake ukawa habari ya nchi nzima. Na mwaka 2003, alipotokea chatu mwingine akiatamia mayai, watu walimiminika kumtazama, na wenyeji hawakutaka ahamishwe pale alipojichagulia. Mtu anaweza kuikataa imani yenyewe, na mimi siishiki. Lakini nauona humo ustaarabu wa kumpa kiumbe heshima bila kudai kwamba, kwa kuwa tunamheshimu, ni wetu.

Mbwa ana kesi yake mbali. Yeye hakutolewa porini na mtu tuliyemjua. Nasaba yake imekaa nasi kwa maelfu ya miaka, hana msitu wa kurejea, na kumwambia aende zake ni kumtupa. Kwa hiyo dhuluma yake haitoki katika kufugwa, inatoka katika kufugwa nusu. Katika mitaa ya Kisumu wako mbwa wanaofungwa minyororo tangu alfajiri ili wawe wakali usiku, wanaolishwa ukoko wa ugali na vichwa vya omena vikibaki, visipobaki hawalishwi, na watoto wao wakizidi hutiwa katika gunia na kuachwa karibu na soko. Siwezi kumtwisha lawama sawa mtu wa Nyalenda ambaye yeye na mbwa wake hulala na njaa ile ile, na tajiri wa Milimani aliyenunua mbwa wa kigeni kwa bei ya ng'ombe akamjengea banda asilotoka ila mlinzi akitaka kumtisha mpita njia. Huyu wa pili ana uwezo wote, na alichokosa ni dhamiri.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho kikishadhihirika katika mtu hakina tiba, na ambacho wahanga wake wengi ni watoto. Kenya ilijiwekea mpango wa kukikomesha kati ya mwaka 2014 na 2030, na Kisumu na Siaya zimo katika kaunti zilizochaguliwa kuanza nazo. Nguzo ya mpango huo ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, kwani wakifika kiasi hicho ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hapa haki ya mnyama na haki ya jirani ni kitu kimoja, na anayekaa na mbwa asiyechanjwa amewadhulumu wote kwa tendo moja. Hata Mwislamu ambaye hamwingizi mbwa chumbani mwake, akishamweka langoni amlinde, amekwisha kuingia katika dhima hiyo, na ile habari ya kisima inamhusu yeye kuliko mtu yeyote.

Nimefika kwenye jambo lililonishughulisha zaidi ya yote, nalo ni samaki. Ziwa letu, kama wanavyosema wachunguzi wa ardhi, lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa upya, na katika muda huo, ambao kwa hesabu za uumbaji ni mfupi sana, samaki wadogo ambao wavuvi wa Kisumu huwaita fulu waligawanyika wakawa aina zipatazo 500: wenye meno ya kupondea konokono, wenye kukwangua mwani kwenye mawe, wenye kula mayai ya wenzao, na madume yao yakivaa buluu, nyekundu na manjano ili majike yawatambue. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji hayo yalitiwa mbuta, samaki mkubwa mla samaki kutoka magharibi, kwa nia ya kuongeza pato la uvuvi. Na ilipofika miaka ya 1980 fulu, ambao hapo kabla walikuwa sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wote ziwani, walikuwa wamekaribia kwisha. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Viwanda vya minofu vilisimama Kisumu, watu wakapata kazi, na mtu mwenye insafu lazima ayataje yote mawili.

Hata hivyo, baadhi ya fulu hawakufa. Wachunguzi wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa wakifanya kazi katika ghuba ya Mwanza wakati balaa likitokea, walichukua wachache hai. Bustani za wanyama za Marekani zikaanzisha mpango wa kuwazalisha katika miaka ya 1990. Na watu binafsi wa Ulaya na Marekani, wapenzi wa samaki wa mapambo, wakawaweka katika mahodhi ya kioo majumbani mwao, wakawalea kizazi baada ya kizazi. Ziko aina, mojawapo ikiwa ile iitwayo Haplochromis perrieri, ambazo makao yao ziwani yamekwisha na uhai wao wote umo ndani ya vioo hivyo. Kwa hiyo yuko mtu katika mji wa baridi ng'ambo ya bahari, ambaye huenda hajaiona Kisumu wala hataiona, lakini kila jioni akirudi kazini hupima joto la maji, akasafisha kioo na kulisha samaki ambao asili yao ni ziwa hili.

Je, mtu huyo anawadhulumu? Kwa kipimo nilichomwekea mwenye kasuku ningelazimika kusema ndiyo, kwa kuwa hodhi si ziwa. Lakini ulimi wangu unasita, kwa kuwa ziwa lililopaswa kuwa makao yao tuliliharibu sisi, na akivunja hodhi lake leo hana pa kuwarudisha. Haitoshi kumwondoa mbuta. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa machafu, na uchafu wenyewe hutoka mashambani, mijini na katika vilima vilivyokatwa miti, majike ya fulu hayawezi tena kuzibainisha rangi za madume. Hivyo aina zilizotengana kwa maelfu ya miaka huchanganyika na kupotea pasipo hata mmoja kuliwa. Naona basi kwamba kufuga kunaweza kuwa amana ya kweli pale tu ambapo anayefuga anashika mahali pa waliokwisha kumnyang'anya mnyama kwake. Na hapo mzigo mkubwa wa lawama haumwangukii aliye na hodhi, unatuangukia tulio kando ya maji.

Na si lazima twende ng'ambo kutafuta walikosalimika. Katika Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, liko ziwa dogo la Kanyaboli, ambamo mbuta hakuingia. Humo fulu wamo, na ngege wa asili, yule aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu kabla hajasukumwa nje ya ziwa kuu, yumo pia. Hawana kibali wala mfugaji. Wanalindwa na ukuta wa mafunjo ambao tangu miaka ya 1960 umekuwa ukipunguzwa, sehemu baada ya sehemu, kwa miradi ya kilimo, na ambao mjadala wa kuugawa ungali unaendelea baina ya kaunti, wawekezaji na wanavijiji wanaosuka mikeka na kuvua humo. Ndugu zangu wa Kisumu wenye mapenzi ya wanyama, wanaotumia fedha nyingi kuwaleta nyumbani mbwa wa nasaba, kasuku na samaki wa rangi, ningependa kuwaona katika mikutano hiyo ya Yala, wakisimama pamoja na wasuka mikeka, wakidai kwamba mpaka wa kinamasi uchorwe, uandikwe, na ulindwe kabla ya shamba lijalo kulimwa.